Miale miwili ikipishana hewani haigombani: ishara za mwanga huchafukia wapi?

Kila inapotoka habari kwamba chipu za kompyuta zitaanza kuwasiliana kwa mwanga badala ya nyaya za shaba, mabishano yale yale huzuka. Upande mmoja huuliza: miale mia ikipita katika nafasi ya upana wa ukucha, haitagongana na kuvurugana? Upande wa pili hujibu kwamba mwanga hauguswi na chochote, kwa hiyo habari ya ishara kuingiliana imekwisha. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja. Wanatazama hewani, mahali miale inapopishana, ilhali uharibifu hutokea mwisho wa safari, mahali mwanga unapotua.

Tuanze na jina lenyewe. Muunganisho wa mwanga wa hewani ni njia ya kupitisha data kutoka chipu moja hadi nyingine, au bodi moja hadi nyingine, kwa miale ya leza inayosafiri katika hewa tupu bila nyuzi za kioo. Umbali wake huanzia milimita chache hadi makumi ya sentimita. Usiuchanganye na leza zinazorushwa kutoka jengo hadi jengo. Kule adui ni ukungu na mvua, na ndani ya kasha la kompyuta hakuna mvua. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1984 Joseph Goodman na wenzake walichapisha makala katika jarida la Proceedings of the IEEE wakieleza jinsi mwanga unavyoweza kubeba kazi iliyokuwa imeanza kuzishinda nyaya. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1977, Kenichi Iga wa Japani alikuwa amebuni wazo la leza inayotoa mwanga kupitia uso wake wa juu badala ya ubavuni. Leza hizo huitwa VCSEL. Kwa kuwa zinaangaza kwenda juu, zinaweza kupangwa kwa safu na mistari kama mayai kwenye trei, na kila moja ikawa njia yake ya data.

Sasa ifuate biti moja. Mkondo wa umeme unawasha leza yenye tundu la mikromita chache (mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mwanga, mara nyingi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 850 (nanomita 1 ni sehemu moja ya elfu ya mikromita), unatoka ukitanuka. Lenzi ndogo iliyo juu ya leza inaukusanya na kuunyoosha. Mwale unavuka hewa, unafika kwenye lenzi ya pili, na lenzi hiyo inaubana hadi uwe doa dogo juu ya fotodiodi, yaani kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Kikuza ishara kinapokea umeme huo na kuamua: hii ni 1 au ni 0. Pale penye uamuzi ndipo penye tatizo.

Neno moja, mizigo miwili

Tukisema ishara "zinaingiliana" huwa tunataja mambo mawili tofauti bila kujua. La kwanza ni uvujaji: mwanga wa njia moja kuangukia kipokezi cha njia nyingine. La pili ni mwingiliano wa mawimbi: mawimbi mawili ya mwanga kukutana na kuongezeana au kukatana nguvu. Yanaweza kutokea pamoja, lakini hayapimwi kwa namna moja wala hayatibiwi kwa dawa moja. Nusu ya mabishano ingekwisha kama watu wangesema wanazungumzia lipi.

Kuhusu miale kupishana hewani, jaribio lake ni rahisi. Katika chumba chenye giza washa tochi mbili, moja ikielekea ukuta wa kushoto na nyingine wa kulia, miale yake ikikatizana katikati. Zima moja. Doa la ile nyingine ukutani halibadiliki hata chembe. Mwanga ukipita ndani ya mwanga mwingine kwenye hewa huendelea na safari yake kama kwamba haukukutana na kitu. Hii ndiyo sifa inayoupa mwanga nafasi juu ya nyaya: njia mbili za mwanga zinaweza kukatizana mahali pamoja, na nyaya mbili tupu haziwezi.

Lakini sasa zielekeze tochi zote mbili kwenye doa moja, kisha mwombe mtu aliyetazama ukuta tu akuambie mwanga upi ni wa tochi ipi. Hawezi. Fotodiodi nayo haiwezi. Inahesabu nguvu ya mwanga iliyoifikia, basi. Ni kama ndoo zilizopangwa chini ya mabomba: maji yakirukia ndoo ya jirani, hakuna atakayeyatenganisha tena. Kipokezi kilichokuwa kinasubiri giza, yaani 0, kikiona mwanga wa jirani, kinasogea karibu na kusema 1.

Mwale haukubali kubaki mwembamba

Wengi hudhani leza hutoa mstari usiopanuka. Kila mwale hupanuka, na kadiri unavyoanzia padogo ndivyo unavyopanuka kwa kasi. Leza yenye doa la nusu kipenyo cha mikromita 3.3 hutawanya mwanga wake kwa kadiri ya nyuzi 5 kila upande. Bila lenzi, baada ya milimita 10 tu doa hilo lingekuwa na nusu kipenyo cha karibu mikromita 800. Katika safu nyingi leza hupangwa kwa nafasi ya mikromita 250, kwa hiyo mwale huo mmoja ungefunika majirani watatu kila upande. Lenzi si pambo. Bila yake hakuna muunganisho.

Hata ukiweka lenzi, mwale hauna ukingo mkali. Nguvu yake hupungua taratibu kutoka katikati kwenda nje, kama harufu ya udi inavyofifia ukienda mbali na chetezo. Tunaposema "nusu kipenyo cha mwale" tunataja umbali ambao ndani yake mna asilimia 86.5 ya nguvu. Lenzi yenye nusu kipenyo sawa na cha mwale huacha asilimia 13.5 imwagike nje. Ukiifanya kubwa mara 1.5 kuliko mwale, kinachomwagika hushuka hadi asilimia 1.1. Ukiifanya mara 2, hubaki sehemu tatu tu katika kila elfu kumi. Hizi ndizo namba za kwanza ambazo mbunifu hukaa nazo mezani.

Tuzitumie. Nafasi kati ya njia ni mikromita 250, kwa hiyo lenzi haiwezi kuzidi nusu kipenyo cha 125. Tukitaka kumwaga asilimia 1.1 tu, mwale kwenye lenzi uwe na nusu kipenyo cha mikromita 83. Mwale wa ukubwa huo, kwa nanomita 850, unaweza kwenda kama milimita 25 na kufika kwenye lenzi ya pili ukiwa na upana ule ule. Zaidi ya hapo unaanza kufurika. Sasa mtu aseme, "Tuzisogeze njia ziwe mikromita 125 ili ziingie nyingi zaidi." Umbali haupungui kwa nusu, unapungua hadi robo, yaani karibu milimita 6.4, kwa sababu umbali hufuata mraba wa upana wa mwale. Ahadi nyingi za kubananisha njia maelfu kwa maelfu huanguka hapa, kabla hata ya mtu kuwasha leza.

Na kinachomwagika kinaishia wapi? Kwa bahati mbaya, kwenye lenzi ya jirani. Lenzi hiyo haijui kwamba mwanga si wake. Mwanga umefika ukiwa karibu sambamba na miale mingine, kwa hiyo lenzi inaukusanya kwa uaminifu na kuufikisha katikati kabisa ya fotodiodi ya jirani. Kifaa kinachofanya kazi yake barabara ndicho kinachokamilisha kosa.

Mikromita 5 zinazoangusha kila kitu

Upanuzi wa mwale unaweza kukadiriwa mezani kwa kalamu. Kinachosumbua kwenye kifaa halisi ni mpangilio: kila kitu kukaa mahali pake. Chukua lenzi yenye umbali wa fokasi wa milimita 1, na leza iliyokosea katikati yake kwa mikromita 5 tu, wakati unywele wa mtu una kipenyo cha makumi ya mikromita. Kosa hilo linauinamisha mwale kwa miliradiani 5. Ni pembe ambayo jicho halioni, lakini baada ya milimita 25 mwale umehama kwa mikromita 125. Hiyo ni nusu ya nafasi kati ya njia mbili: katikati ya doa imetua sawasawa kwenye mpaka wa lenzi mbili, na nusu ya mwanga imekwenda kwa jirani.

Joto huleta kosa hilo hilo hata kama fundi alipanga vizuri. Silikoni hutanuka kwa takriban sehemu 2.6 katika milioni kwa kila nyuzi 1 ya joto. Bodi ya kawaida ya saketi hutanuka kwa takriban 15. Alumini kwa 23. Katika urefu wa milimita 50, joto likipanda kwa nyuzi 40, bodi hurefuka kwa mikromita 30 na silikoni kwa 5. Kama safu za leza zimeshikwa na kitu kimoja na lenzi zimeshikwa na kingine, tofauti hiyo ya mikromita 25 inatosha kupeleka mwale mbali kabisa na lenzi yake. Ndiyo maana mfumo unaweza kupita majaribio yote asubuhi ukiwa baridi na kuanza kutoa makosa baada ya saa moja ya kazi. Anayesema "programu ina hitilafu" katika hali hiyo aangalie kwanza kipimajoto.

Kuna mtego mwingine ambao hautajwi sana. VCSEL nyingi zikipewa mkondo mdogo hutoa doa moja safi la mviringo. Ukipandisha mkondo, maumbo mengine ya mwanga huamka ndani yake, mengine yenye tundu katikati kama kitumbua kilichotobolewa, na hayo hutanuka kwa pembe pana zaidi. Uvujaji uliopimwa kwa mkondo mdogo ni picha ya uongo. Pima kwa mkondo ule ule utakaotumika kazini.

Asilimia 1 inayogeuka kuwa 20

Hapa tunafika kwenye maana ya pili ya kuingiliana, na ndiyo inayowapotosha hata wenye ujuzi.

Kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake. Silikoni isiyopakwa kitu hurudisha karibu theluthi moja. Kwa hiyo ndani ya mfumo kuna uakisi, yaani mwanga kurudishwa na nyuso: mwanga unagonga uso wa fotodiodi, unarudi kwenye lenzi, unaakisiwa tena na kufika ukiwa umechelewa au umehama. Mwanga huo uliopotea njia ukikutana na mwanga mwingine kwenye fotodiodi, matokeo hutegemea kama yote miwili imetoka kwenye leza moja.

Ukitoka kwa leza nyingine, kwa kawaida nguvu zinajumlishwa tu. Asilimia 1 inaongeza asilimia 1: badala ya 100 unapata 101. Leza mbili jirani huwa hazilingani kabisa urefu wa wimbi. Tofauti ya nanomita 0.1 tu hufanya nguvu itetemeke kwa kasi ya takriban gigahezi 41 (mara bilioni 41 kwa sekunde), na kipokezi cha gigabiti 10 (biti bilioni 10) kwa sekunde hakiwezi kuifuata. Kinaona wastani.

Ukitoka kwa leza ile ile kwa njia ndefu zaidi, mambo hubadilika. Sasa kinachojumlishwa ni mawimbi yenyewe, siyo nguvu. Nguvu ni mraba wa kimo cha wimbi, kwa hiyo mwanga wenye asilimia 1 ya nguvu una wimbi lenye asilimia 10 ya kimo. Vilele vikikutana na vilele, kimo ni 1.1 na nguvu ni 1.21. Vilele vikikutana na mabonde, kimo ni 0.9 na nguvu ni 0.81. Asilimia 1 ile ile imeitikisa ishara kati ya 81 na 121. Na kinachoamua iwe juu au chini ni tofauti ya njia ya chini ya nusu mikromita, kwa hiyo pumzi ya joto au mtetemo wa feni unatosha kuigeuza. Hapo ndipo makosa huja na kuondoka bila mpangilio, yale yanayomfanya fundi atilie shaka kila kitu isipokuwa kioo.

Dawa zisizotibu

Ushauri unaosikika mara nyingi ni kuongeza nguvu ya leza. Hilo husaidia kama tatizo ni mwanga hafifu. Kwa uvujaji halisaidii, kwani ukizidisha leza zote mara mbili, unachovujisha nacho kimezidi mara mbili na uwiano umebaki pale pale. Tena kwa VCSEL, mkondo zaidi unaweza kuleta yale maumbo mapana na kuzidisha uvujaji.

Uwiano huo si jambo dogo. Chukua njia iliyozungukwa na majirani 8, kila mmoja akivujisha asilimia 1. Wote wakiwaka wakati njia hiyo inatuma 0, kipokezi kinaona 8 badala ya giza. Nafasi ya kutofautisha 1 na 0 imepungua kwa asilimia 8. Njia iliyobuniwa kukosea biti 1 katika trilioni, ambayo kwa gigabiti 10 kwa sekunde ni kosa moja kila sekunde 100, ikikaa katika hali hiyo mbaya kabisa hukosea kila sekunde 2 hivi. Majirani hawawaki wote pamoja muda wote, kwa hiyo wastani halisi ni afadhali, lakini mbunifu makini hupanga kwa siku mbaya.

Taa za chumbani na jua? Taa hupepesa mara mia moja au mia na ushee kwa sekunde. Data inapepesa mara mabilioni. Kikuza ishara huzichuja taa bila shida, ingawa mwanga mkali sana huongeza kelele kidogo. Vumbi ni adui wa kweli, ila si kwa namna inayodhaniwa: chembe yenye kipenyo cha mikromita 50 ikikaa katikati ya mwale wetu wenye nusu kipenyo cha mikromita 83 huzuia karibu moja ya sita ya nguvu yake. Njia hiyo inadhoofika, na sasa uvujaji wa majirani, ambao haukubadilika, unaonekana mkubwa.

Na lile dai kwamba mwanga hauguswi na umeme? Mwale wenyewe, ni kweli. Lakini leza inasukumwa kwa miliampea kadhaa, na fotodiodi iliyo karibu nayo inatoa makumi au mamia ya mikroampea. Chembe ndogo tu ya mkondo wa leza ikipenya kupitia ardhi ya saketi (njia ya kurudisha mkondo) wanayoshirikiana, au kupitia nyaya fupi zilizo sambamba, inaonekana kwa kipokezi kama mwanga uliovuja.

Kumtafuta mchawi kwa vipimo

Washa leza moja peke yake. Pima vipokezi vyote. Zima, washa inayofuata, pima vyote tena. Kwa safu ya 4 kwa 4 utapata jedwali la namba 256, na jedwali hilo linazungumza ukilisoma vizuri. Majirani wote wa upande mmoja wakiwa juu, safu imehama au imeinama; zungusha au sogeza kwa hatua za mikromita 1 au 2 na utaona namba zikihama. Majirani wa pande zote wakiwa juu kwa usawa, fokasi si sahihi au umbali umezidi. Kipokezi cha mbali kikiwa juu huku walio karibu wametulia, huo ni uakisi, na inabidi ufuatilie ni uso upi unaorudisha mwanga.

Kisha ziba mwanga na urudie. Namba zikibaki, tatizo ni la umeme. Uwe mwangalifu na unachozibia: baadhi ya plastiki zinazoonekana nyeusi tii hupitisha mwanga wa nanomita 850 kana kwamba ni kioo. Tumia kipande cha chuma chembamba. Na usichungulie leza kwa jicho. Mwanga huo hauonekani vizuri lakini jicho linaukusanya kwenye retina vile vile.

Kipimo cha tatu ni kubadili kasi. Uvujaji unaopita hewani ni ule ule kwa kasi ndogo na kubwa. Wa umeme kwa kawaida huongezeka kadiri kasi inavyopanda. Kuna na wa aina ya tatu, unaoonekana zaidi kwa kasi ndogo: mwanga ulioangukia silikoni katikati ya fotodiodi mbili huzaa chaji zinazotambaa polepole hadi kwenye fotodiodi ya karibu. Dawa ya huo ni kufunika nafasi hizo kwa tabaka la metali.

Kwa uakisi, paka nyuso zote tabaka la kuzuia uakisi. Tabaka nyingi zilizopangwa vizuri hushusha asilimia 4 hadi chini ya nusu asilimia. Inamisha vioo bapa kwa nyuzi chache ili kinachorudi kisirudi kwenye leza, maana leza ikipokea mwanga wake wenyewe huyumba. Kwa mwanga unaomwagika, weka kizuizi chenye tundu mbele ya kila fotodiodi, au zipe njia jirani urefu tofauti wa mawimbi, mathalani nanomita 850 na 980, na kila kipokezi kichujio chake. Kwa joto, shikilia leza na lenzi kwa kitu kimoja, au kwa vitu vinavyotanuka sawa.

Wapo wanaopendekeza kuacha mwanga uvuje na kuusafisha kwa hesabu: ukishajua kwa jedwali lile kwamba njia ya 5 inavujisha asilimia 2 kwa njia ya 6, toa asilimia 2 ya ishara ya 5 kila mara. Kwa uvujaji wa leza tofauti, ambapo nguvu zinajumlishwa tu, njia hii inafanya kazi, kwa gharama ya umeme ambao mwanga ulikuja kuuokoa. Kwa uakisi wa leza ile ile haifui dafu. Kiasi cha kutoa hakijulikani, kwani dakika hii ni jumlisha 20 na dakika ijayo ni toa 20, na jedwali ulilopima jana halina safu ya feni.